Nilienguliwa mwaka 2024: je, nina sifa za kugombea uenyekiti wa kijiji, na nianze kujiandaa lini?

“Shikamoo. Nina miaka 39, naishi kijiji kimoja wilaya ya Tandahimba, nimesoma hadi darasa la saba. Nalima korosho na siku za gulio nauza chakula. Mwaka 2024 chama changu kilinipitisha kugombea uenyekiti wa kijiji. Fomu niliirudisha siku ya mwisho, mchana. Siku ya uteuzi nikakuta jina langu halipo ubaoni. Nilipouliza nikaambiwa kwa mdomo mambo matatu: kwamba mimi si mkazi kwa kuwa msimu wa korosho nalala shambani, kijiji cha jirani, kwamba jina langu kwenye fomu halifanani na la kwenye orodha ya wapiga kura, na kwamba kuandika ‘mjasiriamali’ hakueleweki. Kiongozi mmoja wa chama akaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Nataka kurudi 2029. Wapo wanaosema bila cheti cha kidato cha nne sitapita, wengine wanasema kadi ya kura inatosha. Na sasa yameanza maneno kwamba baba yangu alizaliwa ng’ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwa hiyo mimi si raia. Mama ni mzaliwa wa hapa. Je, nina sifa? Nianze lini?”

Marahaba, dada. Nianze na linalokukosesha usingizi. Kwa maelezo uliyotoa, sifa za kugombea unazo, ila la uraia nitaliweka mwisho kwa sababu linataka uende ofisini mwenyewe, na sipendi nikutulize kwa maneno matupu. Mwaka 2024 ulianguka kwenye ushahidi wa sifa. Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi anapokaa na fomu yako, kando yake kuna orodha ya wapiga kura na udhamini wa chama. Kazi yake ni kutazama kama karatasi hizo zinakubaliana. Wewe ulijijua kuwa mkazi, na majirani walikujua, lakini pale mezani hapakuwa na karatasi iliyosema hivyo, na muda wa kuitafuta ulikuwa umekwisha.

Kabla ya yote ujue uchaguzi huu unaongozwa na nini, maana hapo ndipo ushauri mwingi wa kijiweni unapopotea. Diwani na mbunge huchaguliwa katika uchaguzi mkuu, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2024 ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani. Mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa mwaka mmoja kabla ya hapo. Uchaguzi wao huendeshwa kwa kanuni anazotunga Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, na hutolewa upya uchaguzi unapokaribia. Haya ninayokueleza yanatokana na kanuni za 2024. Zikitoka za 2029, zitafute uzisome mwenyewe kifungu kwa kifungu, usikubali kusimuliwa. Sheria ya Tume Huru, Na. 2 ya 2024, nayo imefungua mlango wa Tume kuja kusimamia hata chaguzi za vijiji, Bunge likishatunga sheria ya namna ya kufanya hivyo. Likitokea hilo kabla ya 2029, ofisi ya kuchukulia fomu, orodha itakayotumika na njia ya kukata rufaa vinaweza kubadilika vyote.

Sasa sifa zenyewe. Uwe raia wa Tanzania. Uwe na miaka 21 au zaidi. Ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Uwe mkazi wa kawaida wa eneo unalogombea. Uwe na shughuli halali inayokuwezesha kuishi. Uwe mwanachama wa chama cha siasa na chama hicho kikudhamini. Usiwe umetiwa hatiani kwa makosa ya aina fulani, hasa ya kukosa uaminifu na ya kukwepa kodi. Hukuniambia kama una rekodi ya mahakamani, na sina sababu ya kudhani unayo. Lakini kwa watu wa kwetu kusini naona niseme wazi. Ikiwa jina lako liliwahi kuingia kwenye kesi ya kangomba (ununuzi haramu wa korosho nje ya mfumo rasmi) au ya fedha za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), hata kama unaamini ilikwisha, mpelekee wakili hukumu yenyewe aisome. Kesi iliyofutwa, kesi uliyoachiwa huru na kesi uliyolipa faini ni vitu vitatu tofauti, na mpinzani wako hatasubiri kuvitenganisha.

Cheti cha kidato cha nne hakimo katika orodha hiyo. Nadhani watu wanamchanganya Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji. Mtendaji ni mtumishi anayeajiriwa, na ajira ina masharti yake ya elimu. Mwenyekiti anachaguliwa, na sharti lake ni kusoma na kuandika. Barua yako hii imeandikwa vizuri kuliko nyingi zinazonifikia, kwa hiyo hilo liondoe moyoni.

Kadi ya kura nayo haitoshi, na kosa hili limewaponza wengi. Kadi inatokana na Daftari la Kudumu la Tume, ambalo ni la urais, ubunge na udiwani. Mwaka 2024 uchaguzi wa vijiji ulikuwa na orodha yake, iliyoandikwa upya kitongoji kwa kitongoji kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba. Aliyesema “mimi kadi ninayo” akabaki nyumbani, siku ya kupiga kura hakujikuta kwenye orodha. Kwa mpiga kura wa kawaida hasara ni kura moja. Mtu mwenye nia ya kugombea hupoteza ushahidi wa kwanza kabisa kwamba anaishi pale anaposema anaishi.

Hilo linatuleta kwenye ukazi, na hapa nitakaa kidogo.

“Mkazi wa kawaida” maana yake ni mtu ambaye makao yake ya siku zote yapo hapo, hata kama anatoka kwa muda na kurudi. Kulala kibandani msimu wa kuokota korosho hakukuhamishi makao, kama ambavyo kulazwa hospitali ya Ndanda mwezi mzima hakukufanyi mkazi wa Ndanda. Kwa hoja hiyo sababu uliyopewa ilikuwa dhaifu. Lakini tazama kalenda upande wa pili. Oktoba ni mwezi wa korosho: minada inaanza, kila mwenye nguvu yuko chini ya mikorosho, nyumba nyingi kijijini zina kufuli. Uandikishaji uliangukia humo humo, na kuchukua na kurudisha fomu kukafuata tarehe 26 Oktoba hadi 1 Novemba. Mwandikishaji anapopita na kukukosa nyumbani, na anayekupinga akasema “huyu siku hizi anakaa kule”, neno lake linapata nguvu isiyostahili.

Ipo hatari nyingine ambayo wakulima wengi hawaioni. Karatasi ulizo nazo nyingi huenda zinasema upo kijiji cha jirani. Ukiandikishwa kama mkulima wa korosho ili upate pembejeo za ruzuku, kinachotazamwa ni shamba liko wapi. Ukiuza kupitia AMCOS ya huko, stakabadhi zina jina la AMCOS ya huko. Kwa hiyo ukikurupuka kuambatanisha stakabadhi za korosho ili kuthibitisha kipato, unaweza kuwa unamkabidhi mpinzani wako ushahidi kwamba makao yako si hapa. Zitumie, lakini ziambatane na maelezo ya mstari mmoja: shamba liko kijiji fulani, makazi yako kitongoji fulani.

Ushahidi wa makazi wenye uzito ni ule uliojengeka wenyewe kwa miaka, wala si barua iliyoandikwa wiki ya uteuzi. Cha kwanza ni rejista ya wakazi ya kitongoji. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au Mtendaji, omba uone jina lako kwa macho yako, mwaka ulioandikwa, na nani wameandikwa katika kaya yako. Kama halipo, liingizwe sasa, wakati hakuna uchaguzi na hakuna anayekutilia shaka. Cha pili ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hudhuria, na usiondoke bila jina lako kuandikwa kwenye mahudhurio. Mikutano minne kwa mwaka, miaka mitatu, ni kumbukumbu kumi na mbili zenye tarehe ndani ya faili la kijiji lenyewe. Cha tatu ni stakabadhi za michango: darasa, zahanati, kisima. Wengi wetu tunachanga kisha karatasi tunafungia sukari. Tafuta mfuko mmoja wa plastiki, zote ziingie humo.

Na msimu wa uandikishaji ukifika, hata korosho ziwe zimetapakaa chini, rudi kijijini siku ya kwanza ujiandikishe kitongojini kwako. Usijiandikishe kule shambani kwa sababu mwandikishaji alipita karibu na kibanda. Ukijiandikisha kule, umejitoa mwenyewe.

Kabla hujaenda, uliza pia kama mipaka imeguswa. Majina na mipaka ya vijiji na vitongoji hutangazwa upya kabla ya uchaguzi, na kitongoji kikubwa kinaweza kugawanywa. Unaweza kulala kitongoji kimoja ukaamka cha pili bila kuhama nyumba.

Tuje kwenye jina. Chukua mfano wa kubuni. Kitambulisho cha Taifa kinasema Mwanahawa Saidi Mohamedi. Mwandikishaji, akiandika kwa kalamu huku watu wamempanga foleni, ameandika Mwanahawa Said. Kwenye chama yupo kama Mwanahawa Chilumba, kwa jina la ukoo ambalo kijiji kizima kinamwitia. Yeye kwenye fomu ameandika Mwanahawa S. Mohamed. Kwako na kwangu huyo ni mtu mmoja. Kwa msimamizi mwenye nia njema ni mtu mmoja pia. Lakini kwa mwenye pingamizi hao ni watu wanne, na kila herufi iliyopungua ni hoja. Kusini tuna Fatuma na Fatma, Hamisi na Khamis, Isa na Issa. Tuna majina ya jandoni na unyagoni, tuna majina ya ukoo ambayo hayajawahi kufika kwenye cheti. Amua leo jina lako la kiserikali ni lipi, na liwe lile la kwenye Kitambulisho cha Taifa, majina yote matatu, herufi kwa herufi. Kadi ya chama irekebishwe ilifuate. Siku ya kujiandikisha mpe mwandikishaji kitambulisho mkononi, simama utazame anavyoandika. Orodha ikibandikwa kwa ukaguzi, nenda siku ya kwanza, na ukikuta kosa omba marekebisho hapo hapo. Kipindi cha ukaguzi kimewekwa kwa kazi hiyo, na wengi hukipita bila kukitumia.

Kama tofauti ni kubwa, mathalani cheti cha kuzaliwa kina jina moja na kitambulisho kingine, hapo unahitaji hati ya kiapo ya majina iliyoapwa mbele ya wakili au ofisa mwingine mwenye mamlaka ya kuapisha. Hati hiyo ni karatasi moja au mbili na huandaliwa haraka. Iwe tayari miezi kabla.

Kuhusu “mjasiriamali”, naona sababu hiyo isingesimama mbele ya rufaa. Kanuni inataka shughuli halali, na ujasiriamali si haramu. Lakini neno lenyewe limekuwa pana mno, halimwambii mtu unafanya nini. Andika unachofanya: mkulima wa korosho na mama lishe. Kisha hakikisha ndivyo ulivyoandikwa na kwenye fomu ya chama.

Chama ndicho mlango wa pili, na hapa hakuna njia ya pembeni. Mgombea binafsi haruhusiwi nchini mwetu katika ngazi yoyote. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia, lakini sheria haijabadilika. Kila chama kinasimamisha mtu mmoja kwa nafasi. Kwa hiyo ukishinda kura za maoni, kazi haijaisha: uliza kwa maandishi ni kiongozi gani, wa ngazi gani, mwenye mamlaka ya kutia saini udhamini wako, na ofisi ya msimamizi inamtambua huyo huyo. Fomu nyingi huharibikia hapa. Saini ni ya katibu wa zamani, muhuri ni wa ngazi nyingine, au viongozi wawili wanaogombana wamedhamini watu wawili. Jina la chama liandike kwa ukamilifu kama lilivyosajiliwa; usiandike kifupi chake peke yake. Na kama bado una kadi ya chama ulichotoka, irudishe kwa barua na ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea.

Sasa fomu ikiwa mkononi. Mwaka 2024 kulikuwa na siku saba tu tangu kuichukua hadi kuirudisha. Ichukue siku ya kwanza. Nenda moja kwa moja ukatoe nakala mbili na ujaze nakala kwanza, kwa penseli, ukiwa na kitambulisho chako mezani. Mpe mtu asome kwa sauti huku wewe ukifuatilia kwenye kitambulisho, kisha mbadilishane. Baada ya hapo ndipo ujaze fomu halisi, kalamu moja, herufi kubwa, bila kufuta. Ukikosea neno, omba maelekezo ya kurekebisha. Usibandike wino mweupe. Hakuna kiboksi cha kuacha wazi: kisichokuhusu kiandikwe kwamba hakikuhusu. Piga picha kila ukurasa.

Irudishe siku ya pili au ya tatu, asubuhi, ukiwa na shahidi mmoja. Siku ya mwisho mchana, kama ulivyofanya, hata kosa dogo halina pa kurekebishiwa. Ukiirudisha mapema na msimamizi akaona saini imesahaulika, bado una siku nne. Mwombe aandike kwenye nakala yako tarehe, saa na saini yake. Asipokubali, wewe na shahidi andikeni hayo wenyewe hapo hapo mlangoni. Ukikuta ofisi imefungwa, malalamiko tuliyoyasikia mwaka 2019 na tena 2024, piga picha ya mlango, mpigie Msimamizi Msaidizi, mjulishe katibu wa chama, kisha siku hiyo hiyo panda bodaboda hadi halmashauri ya wilaya umpelekee Msimamizi wa Uchaguzi barua. Ukisubiri kesho, siku moja umeitupa.

Sasa nizungumze na wewe kuhusu kunyamaza, na naomba usinielewe vibaya. Najua uzito wa kumpinga kiongozi wa chama chako na kumpinga ofisa katika kijiji ambacho kesho utakutana nao msibani. Ila ukimya ndio uliokugharimu kuliko zile sababu tatu. Uteuzi ulikuwa tarehe 8 Novemba, pingamizi zikafuata mara moja, na dirisha la rufaa likafungwa katikati ya Novemba, hata baada ya kuongezwa siku. Baada ya hapo karibu kila mlango ulifungwa. Matokeo ya uchaguzi yanaweza kupingwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu yatangazwe, lakini muda huo nao ulipita zamani. Ya 2024 hayafufuki, dada. Usimlipe mtu anayekuahidi kuyafufua.

Wakati mwingine, ukiambiwa kwa mdomo kwamba jina halipo, jibu lako la kwanza liwe: “Naomba sababu kwa maandishi.” Kisha andika mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwa Msimamizi Msaidizi kwanza, na asipobadili uamuzi, kwa Kamati ya Rufani ya wilaya. Rufaa nzuri ni fupi. Inaweza kusomeka hivi:

“Mimi ni mgombea wa nafasi ya Mwenyekiti wa Kijiji cha …, niliyedhaminiwa na (jina kamili la chama). Tarehe … Msimamizi Msaidizi alikataa kuniteua kwa sababu kwamba si mkazi. Sikubaliani na uamuzi huo. Naishi Kitongoji cha … tangu mwaka …. Nimo katika rejista ya wakazi ya kitongoji hicho na katika orodha ya wapiga kura, namba …. Shamba langu lililo Kijiji cha … ni la kilimo tu. Sina makazi huko. Naambatanisha nakala za …. Naomba Kamati itengue uamuzi huo na kunirejesha katika orodha ya wagombea walioteuliwa.”

Basi, inatosha. Kila sababu uliyopewa ipate aya yake na kiambatanisho chake. Usimtukane msimamizi, usieleze siasa za kijiji, usiseme nani alimtuma nani. Kamati ina rufaa nyingi na saa chache, na inayosomeka kwa dakika mbili ndiyo inayosomwa yote. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Umeniuliza kuhusu uenyekiti, na nia yako naiheshimu. Hata hivyo zipime na nafasi nyingine. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wenyeviti wa vitongoji wanaingia humo kwa nafasi zao. Zipo nafasi za wajumbe kundi la wanawake, na zipo za kundi mchanganyiko ambazo mwanamke anaruhusiwa pia kugombea, ingawa wengi huambiwa waende kwenye za wanawake tu. Ujumbe unakupa miaka mitano ya kujua mihtasari, bajeti na migogoro ya ardhi inavyoendeshwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na ushindani wake ni mdogo. Uenyekiti unakupa kiti cha kuongoza Mkutano Mkuu na halmashauri yenyewe, lakini utakula muda wako wa shamba bila mshahara wa kuufidia. Kwa mtu ambaye chama kilishampitisha mara moja, mimi ningebaki na uenyekiti. Udiwani, ambao uchaguzi wake ulifanyika 29 Oktoba 2025, unarudi na uchaguzi mkuu ujao. Una wadhamini waliojiandikisha ndani ya kata na una dhamana, ambayo mwaka 2020 ilikuwa shilingi 5,000. Hiyo ni safari nyingine, na haikufungii hii.

Kuanza, anza mwezi huu: rejista ya wakazi na jina. Vingine vina muda.

Na uraia, tusimalizie kwa minong’ono. Baba kuzaliwa ng’ambo ya Ruvuma, peke yake, hakumvui mtu uraia. Familia nyingi za Kimakonde zina makaburi pande zote mbili za mto huo, na mpaka ulichorwa na wakoloni wazee wakiwa wameshalima. Sheria ya Uraia, Sura 357, inatazama ulizaliwa wapi, lini, na wazazi wako walikuwa raia wa wapi wakati huo. Kama ulizaliwa Tanzania na mama yako alikuwa raia, msimamo wako ni mzuri. Linaloweza kuleta ugumu ni kama wewe mwenyewe, ukiwa mtu mzima, uliwahi kuchukua kitambulisho au pasi ya Msumbiji, hata kwa ajili ya kuvuka kwenda kwenye msiba au biashara, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Kama lipo, mweleze wakili kabla ya kumweleza mtu mwingine yeyote. Wakili akiwa ghali, muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambulika. Huduma yao ni bure.

Kisha nenda ofisi ya Uhamiaji ya wilaya, wewe mwenyewe, pamoja na mama kama ana nguvu za safari. Beba cheti chako cha kuzaliwa au cha kliniki, cheti cha darasa la saba, Kitambulisho cha Taifa chako na cha mama, na chochote cha baba: kadi ya zamani ya chama, stakabadhi ya kodi, cheti cha ndoa. Eleza kwamba uraia wako unatiliwa shaka na unaomba uthibitisho kwa maandishi. Ukiupata, toa nakala tatu. Moja iende kwenye ule mfuko wa plastiki, moja kwa katibu wa chama, na ya tatu ibaki kwa mama, mahali ambapo mvua ya masika haifiki.